Daraja la Reli la Mto Mpanga: Lilivyojengwa na Linavyodumu

Mazungumzo kwa wakazi wa kata zilizo kando ya reli ya TAZARA



Kati ya Mlimba na Makambako, reli ya TAZARA huuacha uwanda wa Kilombero na kuanza kupanda kuelekea Nyanda za Juu Kusini. Katika kipande hicho cha kilomita zisizozidi 160, treni hupita ndani ya mahandaki 18 kati ya 22 yaliyomo katika reli nzima, na huvuka madaraja 46. Lililo mashuhuri kuliko yote ni daraja la Mto Mpanga. Nguzo zake tatu zina kimo kinachokaribia mita 50, sawa na jengo la ghorofa kumi na sita, au minazi miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine.

Abiria aliyeketi ndani ya behewa hulivuka kwa muda mfupi, na huenda asijue kina cha bonde lililo chini yake. Mkazi wa bondeni hulitazama kila siku, na mazoea yanaweza kumfanya alione kama sehemu ya mlima, kitu kilichokuwapo na kitakachokuwapo. Lakini daraja hilo lina umri mfupi kuliko wazee wengi waliohudhuria mkutano huu. Lilijengwa kwa mikono ya watu, kwa sababu zinazojulikana, na kudumu kwake kunategemea mambo ambayo mengine yamo katika uwezo wa wakazi wenyewe. Kwa hiyo mazungumzo haya yana sehemu mbili: namna daraja lilivyojengwa, na namna linavyoweza kudumu.

Haja ya reli

Wazo la kuunganisha pwani ya Afrika Mashariki na nchi za kusini kwa njia ya reli ni la tangu zama za ukoloni, na lilifanyiwa upimaji na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Halikutekelezwa, kwa kuwa waliokuwa wakilipima kwa mizani ya faida hawakuona mapato ya kutosha.

Hali ilibadilika baada ya uhuru. Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Nchi hiyo haina bahari, na shaba yake, iliyokuwa tegemeo la uchumi, ilisafirishwa hasa kwa reli zilizopita Rhodesia na makoloni ya Wareno. Mwezi Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe, ili kuwanyima Waafrika walio wengi haki ya kujitawala. Zambia ikajikuta inategemea, kwa sehemu kubwa ya shaba na mafuta yake, njia zilizo mikononi mwa watawala iliokuwa ikiwapinga.

Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda waliona kwamba njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam ilikuwa sharti la uhuru kamili. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia hazikukubali kuigharimia. Tarehe 5 Septemba 1967, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuijenga reli hiyo. Mwaka 1970, China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, ukibebwa kwa usawa na Tanzania na Zambia. Sehemu ya gharama za ndani, pamoja na mishahara ya vibarua, ililipwa kutokana na mauzo ya bidhaa za China katika maduka ya nchi hizi mbili. Wazee wanaokumbuka vitambaa, sahani na taa za Kichina za miaka ile wanaikumbuka, pengine bila kujua, sehemu ya malipo ya reli.

Ujenzi ulizinduliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1970. Kazi ilipokuwa ikiendelea katika nyanda za juu, mwezi Januari 1973, Rhodesia ilifunga mpaka wake na Zambia. Hapo aliyekuwa bado akiuliza kama reli ilikuwa na haja alipata jibu.

Kwa nini njia ilipita milimani

Huulizwa mara nyingi kwa nini reli haikufuata barabara kuu ya Iringa. Jibu liko katika maumbile ya treni. Gurudumu la chuma linalobingirika juu ya reli ya chuma halina mshiko kama tairi ya mpira juu ya lami. Kwa sababu hiyo kichwa kimoja cha treni huweza kuvuta mzigo wa malori mengi mahali palipo tambarare, lakini kwa sababu hiyo hiyo hushindwa haraka mahali penye mwinuko. Kupanda mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo ni kazi nzito kwa treni ya mizigo. Barabara kuu huupanda mlima Kitonga kwa kona kali ambazo lori huzimudu kwa taabu, na ambazo treni haiwezi kuzimudu kabisa.

Wapimaji waliipeleka njia kusini zaidi, ikafuata bonde la Kilombero. Bonde hilo liliwapa kilomita nyingi za nchi tambarare, yenye rutuba na mito. Kazi ngumu ikaahirishwa hadi Mlimba. Kutoka hapo hapakuwa na namna ya kuukwepa mwinuko. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kilombero iko chini ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na Makambako iko juu ya mita 1,600. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 1,200 ilibidi igawanywe polepole, ili treni ipande bila kushindwa na ishuke bila kuteleza.

Njia inayopanda polepole haiwezi kuyafuata mabonde na vilima kama vilivyo. Ikikuta kilima, hukikata au hukitoboa. Ikikuta bonde, hulijaza udongo au huliruka kwa daraja. Ndiyo maana kati ya Mlimba na Makambako handaki hufuatwa na daraja, na daraja hufuatwa na handaki. Inakadiriwa kwamba kipande hicho kifupi kilichukua karibu asilimia 30 ya kazi yote ya mahandaki, madaraja na matuta ya reli yenye urefu wa kilomita 1,860.

Kasi ya ujenzi inaeleza jambo hilo vizuri. Kilomita 502 za kwanza, kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, zilikamilika mwezi Novemba 1971, yaani takriban mwaka mmoja tangu uzinduzi. Haikuwezekana kungoja reli ifike ndipo kazi ya milimani ianze. Mahandaki na misingi ya madaraja ilibidi itangulie, vifaa vikifikishwa kwa barabara za muda zilizochongwa ubavuni mwa milima. Reli ilifika mpakani Tunduma mwezi Agosti 1973, na ikafika Kapiri Mposhi mwezi Juni 1975. Ilikabidhiwa rasmi kwa serikali mbili mwezi Julai 1976.

Jinsi bonde linavyovukwa

Mto Mpanga hutoka katika nyanda za juu na kushuka hadi Kilombero, na maji yake hatimaye huingia Rufiji. Kabla ya kufika uwandani, umechimba bonde lenye kina kirefu. Mhandisi anayekuta bonde la namna hiyo ana njia mbili: tuta la udongo, au daraja la nguzo ndefu.

Tuta ni rahisi kwa bonde fupi. Lakini udongo hausimami wima. Unahitaji kulala pembeni ili usiporomoke. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya kimo huhitaji takriban mita moja na nusu ya upana kila upande. Tuta la mita 50 lingehitaji kitako chenye upana wa zaidi ya mita 150, na katikati yake ungekuwapo mto wenye nguvu unaotaka kupita. Mvua za nyanda za juu zingelilowesha, na tuta lililolowa huwa zito na dhaifu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mahali kama Mpanga daraja la nguzo lilifaa zaidi: linaacha maji yapite, na linagusa ardhi katika sehemu chache zilizochaguliwa kwa uangalifu.

Kazi huanzia mahali pasipoonekana. Msingi wa kila nguzo huchimbwa hadi ufikie mwamba au udongo ulioshindiliwa na maumbile, usioweza kuzama. Mahali palipo karibu na mto, maji huondolewa kwa pampu au huzuiwa kwa kuta za muda. Kisha zege lenye nondo ndani yake hupandishwa hatua kwa hatua. Kila tabaka humwagwa ndani ya mbao au mabati ya kuumbia, huachwa lishike, kisha mbao hupandishwa juu kwa tabaka linalofuata. Zege huimarika kwa kunywa maji, wala si kwa kukauka upesi, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Mjenzi mwenye haraka kuliko zege huharibu kazi yake mwenyewe.

Vichwa vya nguzo vikishakamilika, huwekwa mihimili inayounganisha nguzo na nguzo, na nguzo na kingo za bonde. Mihimili hiyo haigandishwi kwa nguvu pande zote. Huachiwa nafasi ndogo na huwekewa viegemeo, kwa sababu jua la mchana huirefusha na baridi ya usiku wa nyanda za juu huifupisha. Daraja lisiloruhusiwa kujinyoosha hujipasua. Juu ya mihimili huja mataruma, na juu ya mataruma reli zenyewe.

Uzito wa treni hushuka kwa mfuatano huo: kutoka reli kwenda kwenye mataruma, kutoka mataruma kwenda kwenye mihimili, kutoka mihimili kwenda kwenye nguzo, na kutoka nguzo kwenda ardhini. Kila kiungo hutegemea kilicho chini yake. Cha mwisho, kinachobeba vyote, ni ardhi. Jambo hili litarejewa, kwa kuwa ndilo linalowahusu wakazi zaidi ya mengine.

Watu walioijenga

Wataalamu na mafundi wa Kichina waliofanya kazi katika reli hii kwa vipindi mbalimbali walifikia makumi ya maelfu, na wafanyakazi wa Tanzania na Zambia nao walikuwa makumi ya maelfu. Vijana waliandikishwa kutoka mikoa mingi. Wengi wao hawakuwahi kushika kipimo cha mhandisi wala mashine ya kuchorongea mwamba. Walijifunza kazini, kwa kutazama na kurudia, wakielekezwa na watu ambao lugha yao hawakuijua. Mang'ula na Mlimba zikawa kambi kubwa za ujenzi zenye karakana na maghala.

Upimaji wenyewe ulifanywa kwa miguu, katika misitu yenye wanyama wakali, mito iliyofurika na mbu wa malaria. Mpimaji mmoja Mchina alifariki baada ya kushambuliwa na nyuki. Katika ujenzi wote walipoteza maisha Wachina zaidi ya 60, pamoja na Watanzania na Wazambia, kwa ajali na maradhi. Baadhi ya Wachina hao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ambako makaburi yao hutembelewa hadi leo. Wafanyakazi wa Kiafrika waliofia kazini wamezikwa mahali mbalimbali, wengi wao wakikumbukwa na koo zao tu. Familia yenye mzee aliyefanya kazi hiyo ingefanya jambo jema kuandika jina lake, kijiji alichotoka na kazi aliyoifanya, na kuikabidhi karatasi hiyo kwa shule ya kijiji, kabla kumbukumbu haijafa pamoja na wanaoibeba.

Vijiji vingi vya kando ya njia vina historia ya pamoja na reli. Katika miaka ya 1970, Operesheni Kando Kando ya Reli iliwahamishia wananchi karibu na njia, ili wapate huduma na soko, na pia ili wawe walinzi wake. Hivyo, tangu mwanzo, ulinzi wa reli haukukusudiwa kuwa kazi ya askari na wafanyakazi wa shirika peke yao.

Faida nayo ilionekana. Treni iliyozoeleka kwa jina la Kipisi ilisimama katika vituo vidogo vya bonde la Kilombero hadi Makambako. Mchele na ndizi za bondeni zilipanda kwenda nyanda za juu. Viazi, maharage na mahindi vikashuka. Akina mama wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa biashara ya magunia machache yaliyobebwa kutoka kituo hadi kituo. Barabara zinapozama wakati wa masika, mgonjwa anayehitaji hospitali na mwalimu anayehitaji kufika kituo chake cha kazi huitegemea njia hiyo hiyo.

Daraja moja likikatika

Reli haina mchepuko. Lori likikuta barabara imeharibika, hutafuta njia nyingine. Treni ikikuta daraja halipo, husimama. Nguvu ya reli yenye kilomita 1,860 haizidi nguvu ya daraja lake lililo dhaifu kuliko yote.

Hilo lilithibitishwa kwa uchungu mwezi Oktoba 1979. Askari wa Rhodesia waliingia kaskazini mwa Zambia kwa siri na kulilipua daraja la reli la Mto Chambeshi, pamoja na daraja la barabara lililo jirani. Reli ilikuwa haijatimiza hata miaka minne tangu ikabidhiwe. Mamia ya kilomita za njia nzuri, stesheni, mabehewa na wafanyakazi walikuwapo, lakini mizigo haikupita. Zambia, iliyokuwa na upungufu wa chakula wakati huo, ililazimika tena kuitegemea njia ya kusini iliyokuwa ikijaribu kuikimbia. Adui hakuhitaji kuiharibu reli nzima. Alitafuta daraja.

Vita hivyo vimekwisha, na hakuna jeshi linaloinyemelea Mpanga. Lakini hesabu haijabadilika. Maji yanaweza kufanya polepole kazi ambayo baruti huifanya mara moja.

Maji, mchanga na nguzo

Mto uliofurika ukigonga nguzo, sehemu ya maji hugeuka na kushuka chini kwa nguvu, ikichimba mchanga uliozunguka msingi. Shimo huwa refu zaidi wakati mafuriko yanapokuwa makali, yaani wakati ambapo hakuna mtu anayeweza kuliona. Maji yakipungua, mchanga mwepesi hurudi na kulifunika. Asubuhi yake mpita njia huona mto umetulia na mchanga uko mahali pake, na hudhani kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo sababu wakaguzi wa madaraja hawaridhiki kwa kutazama, bali hupima kina.

Shughuli tatu za binadamu huongeza hatari hiyo. Ya kwanza ni kuchimba mchanga na kokoto mtoni karibu na daraja. Mchanga unaobebwa kwa matrekta na malori hushusha kitako cha mto, na msingi uliokuwa umefunikwa huachwa wazi. Ya pili ni kulima miteremko iliyo juu ya njia bila kinga ya maji. Mteremko uliovuliwa miti huyaachia maji ya mvua yote kwa pamoja. Mto uliokuwa ukijaa kwa siku mbili hujaa kwa saa chache, ukibeba magogo yanayokwama katika nguzo na kuziongezea mzigo wa maji. Ya tatu ni kuziba makalavati na mifereji ya reli kwa taka, matawi na mabaki ya mazao. Maji yasiyopata njia hupenya ndani ya tuta, na tuta huporomoka, mara nyingi usiku, wakati treni inakuja.

Yako pia madhara madogo madogo ambayo hukusanyika. Moto wa kusafisha mashamba au tanuri la mkaa chini ya daraja hupasua ganda la zege na kuifikia nondo. Nondo ikipata hewa na unyevu hushika kutu, huvimba, na kulipasua zege zaidi. Bolti na vipande vya chuma vinavyoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu huleta shilingi chache kwa mwizi, na hatari kwa kila aliye ndani ya treni.

Nani ana wajibu gani

Hapa ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo. Daraja ni mali ya mamlaka ya reli, inayomilikiwa kwa pamoja na Tanzania na Zambia. Mamlaka hiyo ina wajibu wa kulikagua, kulifanyia matengenezo na kulinda eneo la njia. Lakini mteremko ulio nje ya eneo la njia kwa kawaida ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Mhandisi wa reli hana amri juu ya shamba lililo mlimani. Serikali ya Kijiji haina amri juu ya bolti ya daraja. Maji hayaujui mpaka huo. Yakianzia shambani, huishia kwenye nguzo.

Kwa hiyo daraja linaweza kuharibika wakati kila upande unaamini kwamba umetimiza wajibu wake. Dawa ni kila upande kuifahamu sehemu yake na kuujulisha upande wa pili.

Sehemu ya vijiji inajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kijiji kinachoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi kinaweza kuitenga miteremko iliyo juu ya reli iwe ya miti au mazao ya kudumu, na kupeleka mashamba ya kila mwaka mahali penye mteremko mdogo. Mahali ambapo kilimo kipo tayari, matuta ya kukinga maji yanayofuata usawa wa mlima huokoa daraja na huokoa rutuba ya mkulima mwenyewe. Wachimbaji wa mchanga wanahitaji kuonyeshwa mahali palipo mbali na madaraja, kwani kuwafukuza bila kuwapa mahali mbadala huwafanya warudi usiku.

Sehemu ya kila mkazi ni kutazama na kutoa taarifa. Nyufa mpya katika mteremko, chemchemi iliyotokea mahali palipokuwa pakavu, miti iliyoanza kuinama, tuta lililotitia, kalavati lililoziba, reli iliyopinda au chuma kilichoondolewa: dalili yoyote kati ya hizo inapaswa kufikishwa upesi katika stesheni iliyo karibu, au kwa Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji wa Kata. Mchungaji wa ng'ombe aliyepita asubuhi anaweza kuiona dalili saa nyingi kabla ya mkaguzi. Treni ya mizigo inahitaji mamia ya mita ili isimame, na kwenye mteremko huhitaji zaidi. Taarifa iliyotangulia ndiyo breki iliyo bora.

Wazazi nao wanaombwa kuwakataza watoto kulitumia daraja kama njia ya miguu. Mtu aliyekutwa na treni katikati ya daraja lenye kimo cha mita 50 hana pa kukimbilia.

Daraja na miaka ijayo

Reli hii ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Haikuwahi kudumu katika kiwango hicho, na katika mwaka wa 2014/2015 ilibeba chini ya tani laki moja. Mabehewa yalichakaa na vichwa vya treni vikapungua. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua. Ufufuaji huo ukikamilika, treni zitakuwa nyingi na nzito zaidi, na nguzo za Mpanga zitarudi kwenye kazi ziliyojengewa.

Vichwa vipya vya treni vinaweza kununuliwa na mataruma yanaweza kubadilishwa. Mteremko uliokwisha kuporomoka haununuliwi. Miti inayoweza kuushika huhitaji miaka kadhaa ili mizizi yake iwe na kazi, na kwa hiyo wakati wa kuipanda ni kabla treni hazijaongezeka.

Inapendekezwa kwamba kila kijiji kilicho juu ya njia au kando ya Mto Mpanga na vijito vyake kiliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa kijiji, kabla ya mvua kuanza. Maswali yafuatayo yanatosha kuanzia: ni mashamba yapi yanayomwaga maji yake kuelekea reli, mchanga unachimbwa wapi na nani, ni makalavati yapi yaliyoziba, na ni nani kijijini aliyekabidhiwa kazi ya kupeleka taarifa stesheni. Majibu yakiandikwa katika muhtasari na kufikishwa kwa Mtendaji wa Kata, Halmashauri itakuwa na jambo la kuzungumza na mamlaka ya reli, badala ya malalamiko baada ya maafa.

Waliojenga daraja la Mpanga walishuka hadi kwenye mwamba ili kupata mahali pa kuliegemeza. Walichokiacha juu ya ardhi kinatunzwa na mamlaka ya reli. Ardhi yenyewe wameiacha mikononi mwa wanaoishi juu yake.